Mkulima hakatai ushauri, hukataa hasara

MTO Sabaki unapomwaga maji yake baharini karibu na mji wa Malindi wakati wa mvua nyingi, bahari hugeuka rangi ikawa ya hudhurungi hadi mbali kutoka ufuoni. Wenyeji wameizoea hali hiyo, ila wageni huuliza kulikoni. Jibu ni kwamba rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya Machakos, Makueni na sehemu nyingine za bara, uliobebwa na Mto Athi kwa mamia ya kilomita hadi Pwani.

Kila msimu wa mvua unapowadia, lawama kuhusu udongo huo huangukia mabega ya mtu mmoja: mkulima mdogo. Huambiwa kuwa analima hadi ukingoni mwa mto, anakata miti, anachoma mabua, hachimbi matuta na hataki kubadilika. Katika taarifa zinazotufikia kwenye dawati la habari, tiba ya maradhi haya huwa ni ile ile. Mkulima ahamasishwe. Sijui ni semina ngapi zimefanywa humu nchini kwa jina la uhamasisho, lakini lau uhamasisho pekee ungekuwa dawa, Sabaki ingekuwa inatiririka maji maangavu hivi leo.

Swali linalofaa kuulizwa ni jingine. Kwa nini mkulima huyu anachimba matuta, anatumia mboji na kupanda miti, ilhali jirani yake mwenye shamba kama lake na aliyehudhuria mkutano ule ule wa chifu hafanyi lolote kati ya hayo? Historia ya Kenya ina majibu mazuri kuliko yale ya semina, na bora zaidi hutoka maeneo mawili ambayo yaliwahi kuyakataa matuta kwa hasira: Murang'a na Ukambani.

Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu kuhusu mmomonyoko wa udongo. Afisa wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika ripoti mwaka wa 1937 iliyoichora Machakos kama nchi iliyokuwa ikifa, vilima vyake vikiwa vimebaki mawe na makorongo. Serikali iliamua kwamba mifugo ilikuwa mingi mno, na mwaka wa 1938 ikaanza kuitwaa na kuiuza kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa, wakitaka Gavana awasikilize. Serikali ililazimika kulegeza kamba, ingawa Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Miaka 10 baadaye ilikuwa zamu ya Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, machifu walipewa amri ya kuhakikisha kuwa mitaro na matuta yanachimbwa kila lokesheni. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kusaka ajira mijini na katika mashamba ya Wazungu, hivyo jembe likabaki mikononi mwa akina mama. Walitakiwa kuacha mashamba yao asubuhi mbili kila wiki na kwenda kuchimba kwa pamoja, bila malipo, chini ya macho ya askari wa chifu. Mnamo 1947 mkutano mkubwa wa hadhara uliamua kuwa wanawake wasichimbe tena, na mwaka uliofuata akina mama wenyewe waliandamana hadi afisi za serikali kusema hivyo hivyo. Baadhi yao walitiwa mbaroni.

Watawala walisema kuwa Waafrika hawakuelewa umuhimu wa udongo. Kauli hiyo haikuwa na mashiko. Akina mama wa Murang'a walijua vyema udongo unakokwenda mvua inaponyesha, maana wao ndio waliokuwa wakiupanda na kuupalilia. Walichokataa ni kuchimbishwa kazi ambayo faida yake hawakuiona, kwenye ardhi ambayo hawakuwa na hakika kuwa ingebaki yao. Wakulima wa Kiafrika wakati huo walikuwa wamepigwa marufuku kukuza kahawa katika maeneo mengi, nayo madai ya ardhi iliyotwaliwa na walowezi yalikuwa moto. Ukimwambia mtu atengeneze nyumba ambayo huenda ukamfukuza kesho, usishangae akikaa kitako.

Sasa tuitazame Machakos ya baadaye. Mwaka wa 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu ambacho kiliwaacha wengi vinywa wazi. Walilinganisha hali ya iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, kati ya miaka ya 1930 na mwaka wa 1990. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka karibu 240,000 hadi takriban milioni 1.4. Kwa hesabu za Maher, nchi hiyo ilistahili kuwa jangwa. Badala yake, watafiti hao walipata miteremko iliyochongwa ngazi kwa ngazi, miti mingi kuliko ile iliyoonekana katika picha za zamani, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikiwa imepanda karibu mara tatu.

Ni nini kilichobadilika? Matuta yalikuwa ni yale yale ambayo watu waliyachukia, au tuseme ni ndugu yake. Wakulima waliliacha tuta jembamba lililoamrishwa na wakoloni, wakachagua lile linaloitwa fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata kimo kimoja cha mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Ukingo unaotokea hupandwa nyasi za kulisha ng'ombe. Kila mvua inaponyesha, udongo unaoteremka hukwama nyuma ya ukingo huo, na baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka kuwa ngazi pana zinazohifadhi maji. Kazi yenyewe si ya lelemama. Inahitaji mikono mingi kwa siku nyingi, nayo ardhi ya Ukambani hukauka ikawa ngumu kama saruji.

Watu walikubali kuifanya kazi hiyo kwa sababu palikuwa na kitu mwishoni mwake. Katikati ya miaka ya 1950 wakulima wa Machakos waliruhusiwa kukuza kahawa, kwa sharti kwamba ipandwe kwenye matuta. Ghafla tuta likawa mlango wa kuingilia kwenye pesa. Baadaye matunda na mboga zilipata soko Nairobi, mwendo mfupi kwa lori. Katika maeneo makavu ambako kahawa haikui, tuta lilikuwa na faida nyingine: mwaka wa mvua haba, shamba lenye matuta huvuna chochote wakati lile lisilo nayo halivuni hata debe moja. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo mvua hukosekana mara kwa mara, hiyo ni bima inayoonekana kwa macho.

Isitoshe, ardhi ilikuwa na mwenyewe. Kwa mila za Wakamba, aliyelima mahali palikuwa pake na warithi wake, na usajili wa ardhi ulipokuja ulikuta mipaka ikijulikana. Nguvukazi ilitoka kwa mwethya, vikundi vya jadi vya kusaidiana ambavyo vilifufuliwa na aghalabu vikaendeshwa na akina mama. Tofauti na makundi ya chifu ya miaka ya 1940, vikundi hivi vilichagua viongozi wao na vilifanya kazi katika shamba la kila mwanachama kwa zamu. Kazi ni ile ile na jembe ni lile lile, ila safari hii aliyechimba alijua kuwa wiki ijayo wenzake watakuwa kwake.

Ipo sababu nyingine ambayo wahubiri wa kilimo endelevu hupenda kuiruka. Pesa nyingi zilizochimba matuta ya Machakos hazikutoka shambani. Zilitoka kwa makarani, askari, walimu na mafundi waliokuwa wakifanya kazi Nairobi na Mombasa na kutuma sehemu ya mishahara yao nyumbani. Mtafiti John Murton, aliyeandika mwaka wa 1999 baada ya kuchunguza hali katika eneo la Mbooni, alionya kuwa ufanisi uliosifiwa haukumfikia kila mtu. Waliokuwa na mtu wa kutuma pesa walinunua samadi, waliajiri vibarua na mashamba yao yakanawiri. Wasiokuwa naye waliendelea kulima udongo uliochoka, na baadhi waliishia kuwa vibarua wa wenzao. Kwa maneno mengine, uhifadhi wa udongo una gharama, na fukara hawezi kuilipa hata akihamasishwa mara 100.

Serikali za baada ya uhuru zilijifunza sehemu ya somo hilo. Mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo ulioanza 1974 kwa ufadhili wa Sweden uliegemea zaidi ushauri na zana kuliko vitisho. Rais Daniel arap Moi naye aliunda tume ya kudumu ya kuhifadhi udongo na kupanda miti mnamo 1981, na picha zake akibeba mawe ya kujengea gabioni zilikuwa jambo la kawaida katika magazeti ya enzi hizo. Naye Profesa Wangari Maathai, alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka wa 1977, alielewa jambo ambalo wataalamu wengi hawakulielewa. Akina mama walilipwa kiasi kidogo cha pesa kwa kila mche uliosalia hai, wala si kwa kila mche uliopandwa. Zaidi ya hayo, miti yenyewe iliwapa kuni, na hivyo kuwapunguzia mwendo.

Tukitoka Ukambani na kuelekea magharibi, ushahidi wa karibuni zaidi unapatikana kandokando ya Ziwa Viktoria. Wakulima wa huko wana maadui wawili wa mahindi. Wa kwanza ni viwavi wanaotoboa mabua. Wa pili ni gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Gugu hili lina maua mazuri ya zambarau na tabia ya kupe: hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuinyonya kabla hata halijachomoza juu ya ardhi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo huweza kukaa udongoni miaka mingi zikisubiri.

Watafiti wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, huko Mbita, wakishirikiana na wenzao wa Kenya na wa Rothamsted nchini Uingereza, walibuni mbinu inayojulikana kama Vuta-Sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi, na mizizi yake hutoa kemikali zinazoizuia striga. Kuzunguka shamba hupandwa nyasi za mabingobingo au brakiaria, ambazo huwavuta nondo hao mbali na mahindi.

Sayansi hiyo inapendeza, lakini iliyonasa wakulima ni hesabu. Desmodiamu na nyasi hizo ni lishe ya ng'ombe wa maziwa. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja alipata mahindi zaidi, maziwa zaidi na samadi ya kurudisha shambani. Si ajabu, basi, kwamba walioikumbatia mapema ni wafugaji wa ng'ombe na wale ambao kayongo ilikuwa imewafikisha ukingoni mwa kukata tamaa. Walipoona mahindi ya jirani yamesimama, waliomba mbegu. Kwa mkulima, shamba la jirani ni semina isiyohitaji nauli wala chai.

Hata hivyo, mbinu hiyo haikuenea kwa kasi iliyotarajiwa, na sababu zake zinafundisha. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na mara nyingi haipatikani katika maduka ya pembejeo. Msimu wa kwanza palizi huwa kazi nzito kwa vile mmea wenyewe bado ni mchanga, na manufaa kamili huja baadaye. Pia kulikuwa na suala la maharagwe. Katika mpangilio wa awali, nafasi kati ya mahindi ilichukuliwa na desmodiamu, na akina mama wakauliza swali ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelifikiria vya kutosha: maharagwe ya kuchemsha na mahindi, ile nyoyo ya kila siku, yatatoka wapi? Watafiti walirudi shambani wakatafuta njia ya kuyapanda pamoja. Wangewauliza wapishi mapema, wangeokoa miaka.

Hali ya sasa inakuwa rahisi kueleweka mtu akiyatazama mambo kwa jicho hilo. Tuchukue asidi katika udongo, tatizo kubwa katika maeneo mengi ya magharibi na Bonde la Ufa ambako mbolea ya DAP imetumiwa kupandia kwa miongo mingi. Dawa yake inajulikana, nayo ni chokaa ya kilimo. Machimbo yapo Koru, Kaunti ya Kisumu, si ng'ambo. Lakini chokaa hailipi siku hiyo hiyo. Huchukua muda kutengeneza udongo, kisha manufaa yake hudumu kwa misimu kadhaa. Sasa mfikirie kijana aliyekodi ekari mbili kwa mwaka mmoja. Akimwaga chokaa, atakayevuna ni mwenye shamba au mpangaji atakayemfuata. Atanunua mbolea ya chumvichumvi itakayompa mahindi mwaka huu, na hatakuwa mjinga kufanya hivyo. Kadiri mashamba yanavyogawanywa miongoni mwa warithi na vijana kulazimika kukodi, ndivyo wanaofikiria msimu mmoja tu wanavyozidi kuwa wengi.

Mwanamke naye yumo katika hali inayokaribiana na ya mpangaji huyo, hata akiwa ameishi katika boma hilo miaka 30. Uchunguzi wa Kenya Land Alliance kuhusu hatimiliki zilizotolewa kati ya 2013 na 2017 ulionyesha kuwa, kati ya zile karibu milioni moja zilizochambuliwa, wanawake walipata asilimia 10 hivi tu. Katiba ya 2010 na sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 zimempa haki kwenye karatasi. Lakini uamuzi wa kupanda miti, ambayo katika jamii nyingi huhesabiwa kuwa alama ya umiliki, bado huachiwa mume au shemeji. Anayelima si yule anayeamua, na anayeamua huenda yuko Nairobi.

Serikali nayo hutuma ujumbe kwa mfuko wake kuliko kwa maafisa wake. Mnamo Septemba 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi Sh3,500, na mwaka wa 2023 ikashuka tena hadi Sh2,500, wakati ambapo bei sokoni ilikuwa imepita Sh6,000 katika kipindi kibaya zaidi. Wakulima waliokuwa wameshindwa kabisa kununua walipata afueni, na haki hiyo lazima itajwe. Hata hivyo, ruzuku inapomiminwa zaidi kwenye mbolea kuliko kwenye chokaa, mboji na mbegu za mimea ya kurutubisha udongo, mkulima husoma ujumbe huo bila kuhitaji miwani. Kilicho rahisi ndicho hununuliwa.

Kisha ikaja kashfa ya Machi 2024, ilipobainika kuwa baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia maghala ya serikali haikuwa na mbolea ya kufaa. Wabunge walipiga kura ya kumtimua Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, lakini kamati teule ikamwondolea lawama mwezi Mei. Yaliyotendeka bungeni yalizungumzwa sana. Hayakuzungumzwa sana yaliyotendeka akilini mwa mkulima aliyepanda mchanga kwa kuamini nembo ya serikali. Afisa atakayemtembelea kesho na kumwambia aache kulima kwa plau, afunike shamba kwa mabua na asubiri misimu mitatu, atamwambia kwa mdomo ulio na deni.

Na afisa mwenyewe yuko wapi? Ajira ya maafisa wa kilimo wa nyanjani ilikatizwa katika miaka ya 1990 kwa shinikizo la wafadhili, na waliokuwapo wakastaafu mmoja baada ya mwingine. Kilimo kilipohamishiwa kaunti mwaka wa 2013, baadhi zilirithi afisa mmoja kwa zaidi ya wakulima 1,000. Pengo hilo limejazwa na wauzaji wa dawa na mbegu, ambao ushauri wao huishia kwenye risiti.

Hata ushauri ukipatikana, huweza kugongana na mahitaji ya boma. Kilimo hifadhi, kile cha kutolima sana na kufunika ardhi, huhitaji mabua yabaki shambani. Mabua hayo hayo ndiyo chakula cha ng'ombe kuanzia Januari hadi Machi. Kumwambia mkulima wa Laikipia au Machakos ayaache yaoze ni kumwambia achague kati ya udongo na ng'ombe. Wengi huchagua ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndiye karo ya shule.

Biashara ya kaboni imetajwa kama suluhu. Mradi wa Bungoma na Kisumu ulioendeshwa na shirika la Vi Agroforestry ulikuwa wa kwanza kupata hati za kaboni ya udongo, mwaka wa 2014. Lakini fedha zikigawanywa kwa maelfu ya wakulima, kinachomfikia mmoja ni kidogo mno. Waliobaki mradini walivutiwa na mavuno na mafunzo ya karibu.

Wapo wanaoamini kuwa sheria kali zitatatua yote haya. Sheria tumekuwa nazo. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka wa 1965 zilipiga marufuku kulima mteremko wenye mwinuko unaozidi asilimia 35. Kanuni za mwaka wa 2009 zikaagiza kila mwenye shamba atenge angalau asilimia 10 ya ardhi yake kwa miti. Msafiri anayepanda milima ya Murang'a au Elgeyo Marakwet anaweza kujionea mwenyewe jinsi zilivyotiiwa.

Murang'a hiyo hiyo, ambako bibi zetu walikamatwa kwa sababu ya matuta, ilipitisha sheria ya kaunti kuhusu kilimo kinachozingatia ikolojia mnamo 2022. Serikali ya kitaifa ilifuata Novemba 2024 kwa mkakati wa miaka 10 kuhusu suala hilo. Safari hii lugha ni ya kushirikisha na kuwezesha, si ya viboko, na hilo ni la kupongezwa. Ila maandishi hayo yatapimwa mahali pengine. Kaunti zinapopitisha bajeti kila Juni, msomaji na atafute kiasi kilichotengewa chokaa, mbegu ya desmodiamu, usajili wa ardhi kwa majina ya mke na mume, na petroli ya pikipiki ya afisa wa nyanjani. Kisha alinganishe na kile kilichotengewa semina.